Mzigo wa Chumvi Uliosimama Tura

Fundi Saa hakuwahi kusema kwamba saa imekufa. Ungemletea saa iliyoingia maji, kioo kimepasuka, mshale umeng'oka unazunguka ndani ovyo, naye angeiweka sikioni, akainamisha kichwa, kisha angesema, "Hii imesimama tu." Wateja walilipenda jibu hilo. Mimi lilinichosha, maana nililisikia kila siku kutoka upande wa pili wa ukuta, na nilijua kwamba nyingi za saa hizo zingelala kwenye droo yake mpaka mwenyewe asahau kama aliwahi kuwa na saa.

Tulipanga baraza moja pale mjini Tabora, karibu na soko. Chumba chake kushoto, changu kulia, meza yake na cherehani yangu zikipeana mgongo. Ukuta uliotutenga haukufika darini, kwa hiyo tuliweza kushinda kutwa tukizungumza bila kuonana nyuso. Ukoo wake siujui na sikuwahi kuuliza. Nilijua anavyokohoa akikaribia kukosea, anavyoacha kupumua akishika skrubu ndogo, na anavyoimba kwa pua kila mteja mgumu anapoondoka.

Niseme mapema kwamba hapa naandika kwa wivu. Wengine wakimkumbuka wanaanza na upole wake. Mimi naanza na wivu, kwa sababu ndio ulionikalisha naye karibu kuliko upole, na mpaka leo haujanitoka.

Yeye alikuwa Mnyamwezi, mimi ni Mzaramo wa Kisarawe niliyeletwa Tabora na mume, mfanyakazi wa reli. Kwa hiyo tulikuwa watani. Tangu zama zile Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani, wao na watu wa pwani walipeana ruhusa ya kutukanana bila kukasirika na ya kusaidiana bila kuombana, na ruhusa hiyo haijafutwa na mtu. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, maana alinizidi umri sana, naye aliitikia marahaba vizuri kabisa. Baada ya hapo ndipo tulipoanza.

"Mzaramo, mtumwa wangu, umeamka? Nilidhani leo kuna ngoma mahali."

"Nimeamka, mpagazi wangu. Mzigo wako wa michembe, hivyo viazi vyenu vikavu, umeshautua?"

"Nimeutua kwako. Si babu zako walionituma?"

"Babu zangu walikutuma maji, ukarudi na matope."

Hayo tuliyasema miaka na miaka, na katika mtaa ule mzima hakuwa na Mzaramo mwingine wa kumwambia ila mume wangu, ambaye alishinda relini. Kulikuwa na Wamanyema, Waarabu wa siku nyingi, Wasukuma waliokuja na biashara ya mpunga. Mzaramo wake nilikuwa mimi. Sikulifikiria sana jambo hilo wakati huo, jinsi mtu asivyofikiria sana paa lake mpaka livuje.

Siku nilipofiwa na mume wangu, nyumba ilijaa watu wenye huzuni wasiojua waseme nini. Fundi Saa aliingia amevaa koti la reli la marehemu, sijui alilitoa wapi, ameshika mgongo kama marehemu alivyoshika mgongo wake, akikohoa kikohozi chake kilekile. Akaja mpaka mlangoni, akajilaza chini kizingitini. Akasema jeneza halipiti, huyu Mzaramo ana deni la maneno naye, alimwita mpagazi juzi tu na hajajibiwa. Wazee wakambembeleza, akakataa. Wakamletea maji, akasema ni ya chumvi kama ya kwao pwani. Mimi ndani nilikuwa nalia, nikajikuta nacheka, nikalia tena vizuri zaidi. Kisha akainuka, akajipangusa, akashika upande wa mbele wa jeneza na hakuuachia mpaka makaburini. Tangu siku ile nilimhesabu kuwa mtu wangu.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Fundi wa saa, lakini mkono wake wa kushoto ulijaa saa za wateja mpaka karibu na kiwiko, akizipima kwa kutembea nazo, na hakuna hata moja iliyokubaliana na mwenzake. Ukimwuliza saa ngapi alitoka nje kutazama kivuli cha nguzo. Alichelewa harusi, alichelewa vikao vya mtaa, alichelewa hata chakula kilichopikwa kwake. Misibani tu ndiko alikowahi. Kwenye sukari alikuwa mchoyo wa kutupwa, angekuhesabia chembe, ilhali chini ya meza alificha chupa ya asali ambayo akikupenda alikumiminia mpaka kikombe kikafurika. Alikuwa na subira ya kukaa na skrubu isiyoonekana kutwa nzima, lakini foleni ya benki ilimshinda kabisa.

Na simu alizichukia. Zilipoingia, alizisema kuliko mtu yeyote. "Hiki kidude," aliniambia kupitia juu ya ukuta, "kitamfanya mtu asijue saa wala siku." Alikuwa na sababu. Watu waliacha kuvaa saa, wakatazama simu. Mwisho naye akaanza kuuza makava na kubadilisha betri za simu ili chumba kisifungwe. Ndipo mteja mmoja alipomwachia simu abadilishe betri, naye katika kuijaribu kama inatunza chaji akakuta gemu ndani yake. Mwenye simu aliporudi, Fundi Saa alimwomba amwachie mpaka alasiri. Wiki iliyofuata akanunua ya kwake.

Gemu lenyewe lilikuwa la msafara. Vijana fulani wa Dar walilitengeneza. Hakukuwa na bunduki wala magari. Unachukua mzigo Tabora, asali au nta au nguo, unajiunga na wenzako mlio mtandaoni, mnatembea mpaka pwani, mnauza, mnarudi. Mnatembea polepole kweli, safari moja inakula majuma, na kila mkifika kambi mnakaa kuzungumza kwa sauti, mtu wa Kigoma na mtu wa Tanga na mtu wa Bagamoyo. Sheria yake kubwa ni kwamba mzigo hauachwi njiani. Mtu akiacha kucheza, msafara wote unasimama mpaka mwenzake aubebe mzigo wake juu ya wa kwake. Na mbebaji haruhusiwi kuuza mzigo usio wake, anautunza tu mpaka mwenyewe arudi kuuchukua.

Aliniwekea na mimi kwenye simu. Nilitakiwa kuchagua mzigo. Nikachagua chumvi ya Uvinza, kwa kuwa kila mtu anahitaji chumvi. Fundi Saa alipoona akaweka bisibisi chini.

"Mzaramo," alisema, na machozi ya kicheko yakamtoka, "unapeleka chumvi baharini?"

Alitoka nje akawaambia wapita njia. Alimwambia muuza kahawa, akamwambia mwenye nyumba, akamwambia Haji wa duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. "Mzaramo wangu anapeleka chumvi Bagamoyo!" Siku nzima nilikuwa mfalme wa baraza. Lakini gemu lilinichosha, linakula bando, na sare za shule zilikuwa zinanisubiri. Baada ya siku chache nikalifuta.

Yeye akaendelea. Na hapo ndipo wivu wangu ulipoota.

Asubuhi moja nilikaa kwenye cherehani, nikamsikia upande wa pili akisema, "Mtumwa wangu, umeamka?" Nikafungua mdomo kujibu. Kabla sijajibu, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye simu, sauti ya Kipwani kama yangu: "Nimeamka, mpagazi wetu, na mzigo wako wa michembe umeutua wapi?" Wakacheka wote wawili. Wakaja na wengine, mwanamume wa Mkuranga, kijana wa Chalinze, wote Wazaramo, wote wanamwita mpagazi. Maneno yetu yaleyale, ya barazani kwetu, yanatembea kwenye simu kama hayana mwenyewe. Siku ile nilishona mkono wa shati kwenye shingo, nikafumua, nikashona tena palepale.

Mkewe alipita kuleta chakula, akaniona nimenuna. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwembamba, asiye na haraka.

"Una nini, Mama Shani?"

"Mumeo ana watu kwenye simu."

"Mimi niliyeolewa naye sina habari," alisema, "sembuse wewe wa ng'ambo ya ukuta?" Akacheka, akaniachia kipande cha muhogo.

Watu wasidhani vibaya. Sikumtaka mumewe. Nilitaka mtani wangu, na huo ni wivu mkali zaidi, maana mke anaweza kwenda kwa wazee kudai haki yake, mtani anakwenda wapi?

Basi siku tangazo lilipotoka kwamba gemu linafungwa, nilifurahi, na ningefurahi tena leo. Tangazo lilisema wachezaji ni wachache na kuiendesha mitambo kumewashinda. Wakaagana na watu vizuri, wakaacha na namba ya simu ya kijana mwenye gemu kwa anayetaka kuzungumza naye. Nilimsikia Fundi Saa akilisoma kwa sauti, polepole, mara mbili. Nikasema moyoni, sasa atarudi.

Hakurudi. Alianza kampeni.

Aliandika kwenye kibao cha mbao, akakiegemeza mlangoni: MSAFARA UNAHITAJI WATU. Kila aliyeleta saa au simu alilazimika kusikiliza habari ya msafara kabla ya kurudishiwa kitu chake. Wengine waliweka gemu ili tu waachiwe waende. Alikwenda redioni, mtangazaji akamweka hewani kama kichekesho cha asubuhi, akamwuliza kama na mke wake anamtembeza mpaka pwani. Fundi Saa akajibu kwamba mke wake amekataa, lakini mtangazaji anakaribishwa, wanahitaji watu wenye maneno mengi na mizigo midogo. Watu wachache wakajiunga kwa sababu ya jibu hilo.

Wakatishaji tamaa hawakukosekana. Mkubwa wao alikuwa Haji wa vitambaa, mtu mwenye sauti ya kuita wateja tangu ujana wake. Alivuka barabara kila adhuhuri kuja kumsema.

"Mzee mzima, mvi zote hizo! Wenzio wanaokoa misitu, wewe unaokoa gemu?"

"Kwani huo msitu nimeukalia, Haji? Uokoe wewe."

"Hao vijana wa Dar hawakujui."

"Na mimi siwajui. Ndiyo maana nawatafuta."

"Hawawezi kukusikiliza fundi wa Tabora."

"Labda," alisema Fundi Saa. "Shika hii bisibisi kidogo, usiiachie." Na Haji akajikuta ameshika bisibisi, anasaidia kazi, huku akiendelea kusema kwamba haitawezekana.

Hilo nalo lilinikera. Mtu aliyekuja kumvunja moyo aliondoka amepumzika. Tumaini la Fundi Saa halikuwa la kelele. Hakubishana sana, hakujitapa, aliendelea tu na kazi akiwa amelikubali jambo nusu kabla halijatokea. Mimi ningejua kuwa na tumaini la namna hiyo, mambo mengi ningeyafanya tofauti. Hata hilo nilimwonea wivu.

Alipanda treni mpaka Usoke kuwaeleza wakulima wa tumbaku. Walimsikiliza kwa adabu, wakauliza kama huko kwenye gemu tumbaku inapata bei nzuri. Alikwenda Lusu, kule Nzega, kwa mwanamke mmoja mfugaji aliyekuwa naye msafarani, na akarudi na habari kwamba kwaya nzima ya kanisa imejiunga, na sasa msafara wa Tabora unatembea na nyimbo. Walimpa kuku. Alinisimulia habari ya kwaya ile juu ya ukuta kuanzia asubuhi mpaka tukafunga, aliyeimba sauti ya kwanza, aliyeimba ya tatu, mwenye sauti nzito aliyebeba nta. Mimi niliyemshonea kanzu za Idi zote, sikumbuki kama aliwahi kunisimulia mtu kwa namna hiyo.

Nami nilimwambia jambo moja tu katika miezi ile. Nilisimama mlangoni kwake, jambo nililofanya mara chache, nikasema, "Fundi, hilo gemu limekufa. Acha kujiaibisha."

Sikulisema kwa utani. Alinitazama na lenzi ikiwa bado jichoni, akaitoa, akaifuta kwa pindo la shati. Nilingoja aniite mtumwa, aniulize habari ya ngoma, aseme chochote. Alisema, "Sawa, Mama Shani." Hakuwahi kuniita kwa jina hilo kabla ya siku ile. Nikarudi kwenye cherehani yangu nimeshinda, na sikuona utamu wake.

Sasa nieleze kosa lake, maana Haji hulisimulia vibaya. Fundi Saa aligundua katika mazungumzo ya kambini kwamba kijana mwenye gemu ni Mzaramo, bibi yake wa Kisarawe. Akaruka kwa furaha. Nilimsikia akiwatangazia Wanyamwezi wenzake wa msafara: "Jamani, kumbe ni mtumwa wetu! Tumekuwa tunambembeleza mtani? Mtani habembelezwi msibani. Mwendeeni kama mtani." Na wao, watu wazima, wakulima, wanakwaya, wakamwendea kama inavyopasa. Wakamwandikia ujumbe kwa mamia. Mzaramo mvivu we, unazika mtu hajakata roho? Umeuza shamba la babu, sasa unauza na njia? Mwizi wa nazi, tutalala mlangoni kwako, hutoki kwenda ngomani! Kila mmoja aliweka na kicheko, na wengi wakaongeza kwamba wako tayari kusaidia kwa lolote.

Yule kijana alikulia mjini. Sijui kama aliwahi kuona mtani amelala kizingitini. Aliona matusi, na mitambo yake nayo iliona matusi. Msafara mzima wa Tabora ukafungiwa kusema. Wangeweza kutembea, lakini kambini walikaa bubu. Na Fundi Saa alipompigia simu kueleza, hakupokelewa. Alipiga tena kesho yake na keshokutwa, namba ya kijana ikawa haiiti kabisa kutoka kwenye simu yake.

Haji alivuka barabara akicheka mpaka akashika nguzo. "Mmejifungia mlango wenyewe, na ufunguo mmeumeza!"

"Hakufundishwa," alisema Fundi Saa. "Si kosa lake." Hakuonyesha hasira. Alikuwa na huzuni, na huzuni yake ilikuwa ya wale walionyamazishwa kwa sababu yake. Siku zilizobaki nilimwona akitembea nao kimya kwenye kioo, kidole kikisukuma taratibu. Walikuwa wanarudi kutoka pwani. Walivuka Ugogo, wakavuka lile pori la Mgunda Mkali, wakafika Tura, kambi ya karibu na nyumbani. Tura ndipo gemu lilipozimwa.

Kesho yake alikuja kazini akakiondoa kile kibao mlangoni, akakigeuza, akakiweka chini ya meza, pale pa asali. Hakukitupa. Haji akaja, akasimama, akanunua betri ya saa ambayo hakuihitaji. Mimi nikangoja. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, ya michembe na ya matope. Kila asubuhi nilimwamkia, akaitikia, halafu tukakaa kimya na ukuta wetu. Niligundua kwamba gemu lililokufa lilimchukua mtani wangu kuliko lilipokuwa hai. Lilipokuwa hai nilisikia angalau kicheko chake, hata kama hakikuwa changu.

Baadaye miguu ikamvimba, akafunga chumba, akabaki nyumbani kwake Ipuli. Chumba akakipanga muuza viatu anayefungua redio kubwa. Sikwenda kumwona upesi. Nilijiambia nina kazi.

Nilikwenda Jumapili moja asubuhi baada ya mvua, nimebeba paketi ya sukari kwa makusudi. Nilimkuta ukumbini, miguu juu ya stuli, mkono wake mtupu, hauna saa hata moja. Ulionekana mkono wa mtu mwingine. Mkewe alinikaribisha, akaiona sukari, akacheka, akaenda kuchemsha chai.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Shani. Mwangaluka," akaongeza salamu ya kwao.

"Mwangaluka. Miguu inasemaje?"

"Imesimama tu."

Simu ilikuwa kifuani kwake. Kila asubuhi, mkewe aliniambia, analifungua lile gemu, kioo kinamwandikia kwamba halipatikani, analifunga, anakunywa chai. Nilikasirika. Nikamwuliza swali nililokuwa nalo tangu mwanzo, na sauti haikuwa nzuri.

"Ulikwenda Usoke. Ulikwenda Lusu mpaka kwa wanakwaya. Ulimwomba Haji. Yule kijana ni Mzaramo wa Kisarawe, na Mzaramo wa Kisarawe ulikuwa naye ukutani. Kwa nini mimi hukuniomba?"

Alivuta miguu yake kuiweka sawa.

"Mtani haombwi," alisema. "Mimi uliniita siku ile ya baba Shani?"

"Hapana."

"Nilikuja. Basi na mimi nilikuwa na msiba, upande wa pili wa ukuta. Nikasema, Mzaramo wangu atakuja, atalala mlangoni, atanitukana mpaka nicheke. Nilingoja. Ulipokuja ukasema maneno ya kweli."

Chai ilikuja, nikaiacha ipoe.

"Na ule mzigo wako sikujua niufanye nini," aliendelea.

"Mzigo gani?"

"Chumvi. Uliiacha kambini, msafara ukasimama. Nikaibeba. Nimekwenda nayo pwani, nimerudi nayo, nimekwenda tena, nimerudi. Haiuziki, si yangu. Watu wa Bagamoyo wakaniuliza kila safari, mpagazi, chumvi ya nini huku? Nikawaambia, ni ya Mzaramo wangu wa Tabora, ana akili nyingi." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Sasa iko Tura. Imesimama."

Moyo ulinijaa. Na juu ya kujaa kwake, sijui niseme nini, wivu ukapanda tena, uleule.

"Na nani mwingine ulimbebea?"

"Wengi," alisema. "Kila aliyechoka."

Nikageuza uso.

"Lakini hao walirudi kuchukua mizigo yao, Mzaramo. Wako tu ndio uliobaki."

Nikainuka. Nikatandika khanga yangu pale kizingitini, nikajilaza chini na umri wangu huu, mkewe akishangaa na birika mkononi. Nikasema sitoki, na hakuna atakayetoka, mpaka nielezwe ni mpagazi gani mzembe aliyefika na chumvi ya watu Tura, karibu kabisa na nyumbani, akaiacha huko. Nikasema Wanyamwezi tuliwatuma maji wakarudi na matope, tumewatuma na chumvi wamerudi na miguu iliyovimba. Fundi Saa alicheka mpaka stuli ikapinduka, akashika mbavu, akasema basi, basi, mtumwa wangu, utaniua. Mkewe naye akakaa chini akacheka.

Nikiwa bado nimelala nikamwambia, "Nitajie namba ya yule kijana."

"Hapokei."

"Ya kwako hapokei. Ya kwangu haijui. Taja."

Akataja kwa kichwa, bila kuitafuta. Iliita, ikaita, nami nikaketi kitako, nikajifunga khanga vizuri kama kwamba ananiona. Upande ule sauti ya kijana ikasema halo.

"Halo, mwanangu. Mimi ni mama yako, Mzaramo wa Kisarawe, niko Tabora."

Kisha, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una bibi yako hai?"

"Yupo, mama."

"Nenda kamwulize watani wakikutukana msibani maana yake nini. Halafu urudi tuzungumze, kwa sababu umeniachia chumvi yangu porini Tura na mimi naitaka."

Nikasikia anavuta pumzi, kisha kitu kama kicheko kinachojizuia. Akaniuliza chumvi gani, mama. Fundi Saa alikuwa ameinama kutoka kitini, macho yamemtoka, akininong'oneza mambo matatu kwa pamoja, kwamba nisimbembeleze, kwamba nimtajie kwaya, kwamba simu nimpe yeye kidogo tu.

Nikamgeuzia mgongo.

"Huyu ni wangu," nilimwambia. "Wewe umekuwa nao wote."